Utomvu wa Sikudhani

Kipande cha jino la Chiku kilikaa juu ya bati la nyumba ya bibi yake kwa saa tatu, katikati ya vioo vya umeme wa jua, kabla baba yake hajapanda ngazi kukitafuta. Bibi mwenyewe ndiye aliyekirusha huko. Mtoto alirudishwa kutoka shule mdomo umevimba, kipande kakifumbata kiganjani kama mwalimu alivyomwagiza, na Bi Nyamizi, bila kuuliza lolote, akakichukua, akatoka uani, akaipa nyumba mgongo na kukitupa juu kwa mkono wa kulia huku akiomba jino jipya. Ndivyo alivyofanya kwa meno ya maziwa ya mjukuu huyo, yote yaliyong'oka. Kwamba safari hii halikuwa jino la maziwa, na jipya halitakuja kamwe, alikumbuka baadaye, alipokuwa ananawa mikono.

Hayo yote Mfaume aliyasimulia akiwa amesimama mlangoni mwa kliniki, magoti yamejaa kutu, mkono mmoja umemshika binti yake na mwingine umeshika glasi ya maziwa. Kipande kilikuwa ndani ya maziwa hayo. Kule juu ya bati roboti ya kufagia vioo ilikuwa imebakiza mstari mmoja tu ikifikie.

Tabibu Zamoyoni alimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa ya mji asiokaa. Hakuwa na ubaya na Mfaume. Huyu aliwahi kuwa mumewe. Miaka kumi na miwili iliyopita walimzika binti yao wa pekee, Sikudhani, aliyechukuliwa na homa ya siku tatu akiwa na miaka minane, na mwaka uliofuata waliachana. Hawakugombana. Siku moja mmoja alikosa la kusema mezani, mwenzake naye akakosa, ikawa basi. Mfaume alioa tena, akampata Chiku. Zamoyoni alibaki na kazi yake hapa Isevya, na watu wa Tabora walimsifu kwa mkono mwepesi usiotetemeka. Hawakujua kwamba mkono usiotetemeka wakati mwingine ni mkono usiosikia kitu.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema Chiku kwa taabu.

"Marahaba. Panda kitini. Fungua mdomo."

Lilikuwa jino la mbele la juu, upande wa kulia. Mtoto alikuwa ameinama kunywa maji bombani, mwenzake akamsukuma, chuma kikamaliza kazi. Limekatika mshazari, na katikati ya mkato kulikuwa na nukta nyekundu, ndogo kama ya kalamu. Zamoyoni aliitazama nukta ile, akamchoma mtoto sindano ya ganzi.

"Jeraha lina saa nne," kilisema kiti, kwa sauti yake ile ya karani aliyeshiba. "Zimebaki saa mbili."

"Unaweza kulirudisha?" aliuliza Mfaume.

"Kurudisha kipande si tatizo. Tatizo ni hiyo nyekundu."

Zamoyoni hakuhitaji kufafanua sana, kila mzazi alilijua somo hili. Ile gundi ya zamani, ya plastiki, bado ilikuwapo kabatini: unapaka asidi, unapaka gundi, unamulika kwa taa ya buluu, kipande kimeshika. Inashika, haiponyi. Kwa mtu mzima si neno. Lakini mzizi wa jino la mtoto wa miaka tisa bado haujafunga nchani, na uhai wa ndani, ile nyekundu, ukifa hapo, mzizi unabaki mwembamba kama ganda la yai. Kabla mtoto hajamaliza sekondari jino limetoka na mfupa wa ufizi umebonyea. Ndiyo maana ukaja utomvu. Unakamuliwa kutoka ndani ya meno ya maziwa ya mtoto mwenyewe, unalishwa chupani kwa miezi mpaka ukomae, kisha unakaa miaka. Ukidondoshwa kati ya kisiki na kipande kabla jeraha halijatimiza saa sita, huamka kwa joto la mwili, ukasuka jino upya na kuunga hata mshipa wa fahamu. Kwa sababu hiyo kila mtoto akitimiza miaka sita hupewa kikasha chenye namba, meno yake yapelekwe Hazina, idara inayokamua utomvu na kurudisha chupa kliniki ya karibu. Utomvu wa mtu baki mwili huukataa. Wa kwako unafaa, na wa ndugu yako wa damu, hata mkichangia mzazi mmoja tu.

"Kikasha chake kiko wapi?" aliuliza, ingawa alishajua.

Mfaume alitazama chini. "Mama alikataa. Unamjua mama. Alisema yule mwingine meno yake yaliwekwa kwenye chupa, naye akachukuliwa. Akasema haya yatakwenda juu ya bati kama ya watu wote." Akatoa kitambaa mfukoni na kukifungua kwenye meza ya vyombo. "Nimeyakuta kwenye mfereji wa maji ya mvua. Nimeokota niliyoyaona."

Yalikuwa meno saba ya maziwa, madogo, meupe kupita kiasi. Zamoyoni aliweka moja chini ya lenzi. Ndani palikuwa pakavu kama kibuyu cha mwaka jana.

"Hata moja?" aliuliza Mfaume.

"Hata moja, Baba Chiku. Miaka mitatu juani."

Mfaume akayafunga tena kitambaani, taratibu, kama yanaweza kuumia. "Laiti ile chupa ya marehemu ingekuwa hai," alisema. "Lakini ilikufa."

Hakulaumu wala hakuuliza. Alilisema tu, kama mtu anayesema mwaka ule mvua hazikunyesha. Na Zamoyoni, ambaye nyuma ya mgongo wake, chumba cha pili, kabati la joto lilikuwa linavuma kwa sauti ndogo, aliweka lenzi chini, akaenda huko.

*

Chupa ilikuwa rafu ya chini, nyuma ya boksi la glovu zisizotumika. Ilikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Ndani yake kulikuwa na kitu cha rangi ya maziwa yaliyochujwa, nacho kilikuwa hai.

Alikilisha kila Ijumaa, saa kumi alasiri, akishamaliza wagonjwa. Alitoa maji ya zamani kwa sindano, akatia mapya, akaishika chupa kiganjani dakika tano kama mwongozo ulivyotaka, akairudisha. Ijumaa zaidi ya mia sita. Aliwahi kulisha akiwa na malaria. Hakuwa akizungumza nayo, hakuwa kichaa. Wala hakulia. Msibani hakulia, wanawake wakasema ana moyo wa jiwe, wengine wakasema jiwe litapasuka arobaini ikifika. Arobaini ilifika, akapika, akaosha masufuria. Alichokuwa nacho ni ganzi ile ile anayowachoma watu, tofauti ni kwamba ya watu huisha baada ya saa moja.

Sheria ilitaka chupa ya mtoto aliyefariki irudishwe Hazina ndani ya mwaka mmoja, ama wazazi wote wawili wakubaliane itumike kumponya ndugu yake. Wakati ule hapakuwa na ndugu. Wiki moja kabla ya mwaka kutimia, Zamoyoni aliandika taarifa kwa mkono wake kwamba utomvu namba fulani umekufa. Mfaume aliweka dole gumba bila kusoma. Kisha akaomba apewe hiyo chupa iliyokufa akaizike ubavuni mwa kaburi. Zamoyoni akampa chupa.

Sasa alisimama mbele ya kabati, mlango wazi, hewa ya joto ikimpiga tumboni. Alijaribu kupima jambo kwa akili, maana moyo haukumletea chochote. Ni jino tu, alijiambia. Watu wanaishi na pengo, wanaolewa, wanazeeka. Hii nayo ni chupa tu, alijijibu, na hilo halikumpendeza. Kwenye chupa hii hamna macho wala sauti wala ile tabia ya kuficha viazi chini ya wali. Lakini hakuna mahali pengine popote duniani palipobaki na hata chembe moja ya Sikudhani inayopumua. Akiimimina leo, imekwisha. Akifunga mdomo, hakuna atakayejua, na Ijumaa itafika kama kawaida.

Alifunga kabati. Akachukua gundi ya plastiki na taa ya buluu.

"Tutatumia ya zamani," alimwambia Mfaume aliporudi. "Itashika. Tutaangalia mbele ya safari."

"Sawa, Daktari," alisema Mfaume. Tangu waachane alimwita hivyo.

Zamoyoni alikipangusa kipande, akakipeleka kinywani kwa koleo kukipima kabla ya kupaka. Kilikaa mahali pake bila kuacha ufa. Ndipo alipouona mwanya. Kwa muda wote jino lilipokuwa limekatika mwanya haukuonekana, ulikuwa umechanganyika na pengo. Sasa kipande kiliporudi ulijichora wenyewe katikati ya meno mawili ya mbele, mwembamba, umeegemea kushoto kidogo, ule ule wa Mfaume, wa mama yake Mfaume, ule ambao Sikudhani alikuwa akiupitishia ulimi na kupiga mluzi mpaka akatolewa chuoni. Siku za mwisho meno yake makubwa ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza. Zamoyoni alikuwa akimmulika kila jioni kwa tochi, aone kama mwanya utarudi.

Hakuhisi uchungu. Aliona tu kwamba koleo limesimama na haliendi mbele wala nyuma, na kwamba mtoto anamtazama.

"Imebaki saa moja na dakika ishirini," kilisema kiti.

Alitoa koleo, akakirudisha kipande kwenye maziwa.

"Baba Chiku," alisema, "ile chupa haikufa."

*

Mfaume hakuelewa mara moja. Alitazama glasi, akadhani anaambiwa jambo la maziwa.

"Chupa gani?"

"Ya Sikudhani. Niliandika uongo. Iko chumba cha pili, ninayo miaka yote hii. Inafaa kwa Chiku."

"Niliizika mimi," alisema Mfaume. "Niliizika kwa mikono yangu, kulia kwake. Kila Idi nakwenda namwagilia pale." Alisimama. "Nilizika nini, Zamoyoni?"

"Maji ya chumvi."

Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Kelele angeziweza, zingempita kama zilivyompita za msibani. Lakini Mfaume alikaa tena, kwenye kile kigoda cha wasindikizaji, akaweka mikono juu ya magoti yenye kutu.

"Nionyeshe," alisema.

Akaileta. Akamwekea kiganjani. Mfaume aliifunika kwa kiganja cha pili, akakaa hivyo, na uso wake ukawa unabadilika kidogo kidogo mpaka Zamoyoni akaona vyema atazame pembeni.

"Ina joto," alisema.

"Ndiyo. Lazima iwe na joto."

"Na wewe ulikuwa unaishika hivi. Miaka yote hii, wewe unaishika, mimi namwagilia chumvi."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia, hata tulipokuwa bado ndani ya nyumba moja?"

Alitafuta jibu la kweli. "Ungelia," alisema. "Nami ningekuwa nimekaa pale nakutazama unalia. Sikuweza."

Mfaume aliifunua chupa. Kisha akamnyooshea chupa. "Irudishe ndani."

"Inahitaji dole gumba lako na langu. Saa inakwenda."

"Nimesema irudishe. Paka hiyo ya plastiki. Jino likifa, life. Si ni jino tu?" Sauti ilimkatika. "Nimempata leo, saa hii hii. Unataka nimpoteze kabla sijatoka hapa?"

Mambo yalikuwa yamepinduka, na Zamoyoni aliyaona yakipinduka kwa utulivu ule ule wa mtu anayetazama sufuria likimwagika upande wa pili wa chumba. Dakika kumi zilizopita yeye ndiye aliyekuwa ameishika chupa hataki kuiachia. Sasa angalau mmoja wao alipaswa kusema lile jambo, na aliyekuwa na mdomo usiotetemeka ni yeye.

"Mwenye jino amekaa pale," alisema. "Yuko hai mzima mzima, si chembe."

Wote wawili walimgeukia Chiku. Walikuwa wamemsahau, kama watu wazima wanavyomsahau mtoto kila wakianza kuzungumza mambo yao. Alikuwa ameketi wima kitini, kitambaa cha kliniki kifuani, macho kwenye chupa.

"Ni dada Sikudhani huyo?" aliuliza, maneno yakiteleza kwenye mdomo uliokufa ganzi.

Zamoyoni akajibu. "Ni kidogo chake. Kilichobaki."

"Ataumia mkimtia kwangu?"

"Hapana."

"Atakaa kwangu moja kwa moja?"

"Jino likipona, hatoki tena."

Chiku aliwaza. Alikuwa na namna ya kuwaza kwa kukunja pua. "Basi, baba," alisema, "nitampigia mswaki. Asubuhi na jioni. Hata siku za likizo."

Mfaume alitoa sauti ambayo ilianza kuwa kicheko, haikufika. Alijifuta uso kwa kile kitambaa chenye meno saba, akakumbuka kina nini, akakikunja upya. Kisha akasimama, akaenda kwenye kioo cha mashine kando ya kiti, akaweka dole gumba.

Zamoyoni akaweka lake chini ya la Mfaume.

"Namba hii imeandikwa imekufa," kilisema kiti. "Nani alithibitisha?"

"Mimi. Niliandika uongo. Andika kwamba iko hai, na andika jina langu."

"Hazina itaarifiwa. Leseni yako itaangaliwa."

"Iangaliwe. Fungua chupa."

*

Matone yalikuwa manne. Miaka kumi na miwili, na ilikuwa matone manne tu. La kwanza aliliweka juu ya nukta nyekundu, nalo likatulia hapo. La pili na la tatu aliyapaka kwenye kipande. La nne lilibaki ukutani mwa chupa, na mwongozo ulisema la nne hutupwa. Alilifuata kwa ncha ya brashi mpaka likatoka, akalipaka kuzunguka ukingo.

Kisha akakirudisha kipande mahali pake, akakishikilia kwa kidole. Mashine ya kushikilia ilikuwapo. Hakuiita. Kazi ya utomvu kuamka huchukua karibu saa nzima, na kwa saa nzima alisimama mkono mmoja ndani ya kinywa cha mtoto wa mwanamke mwingine, kidole kwenye mwanya, akisikia pumzi yake ya maziwa. Mama yake Chiku alipiga simu kutoka Nzega, Mfaume akatoka nje kuzungumza naye, akarudi, akakaa. Mgongo ulianza kumlemea Zamoyoni, akaacha ulemee.

Kwenye kioo ule mstari wa mkato ulikuwa kijivu, ukawa mweupe, halafu ukawa wa kutafutwa, mwishowe kiti kikasema hakiuoni.

"Mdomo umerudi?" alimuuliza Chiku. "Ganzi imetoka?"

Chiku alijifinya mdomo. "Imetoka."

Kilibaki kipimo kimoja. Mshipa ukiwa umeungana, jino husikia baridi. Usipoungana, kipande kimeshika lakini ni kama kigae, na matone manne yamekwenda bure. Zamoyoni alichukua kijiti cha barafu, hakuvaa glovu upya, akakigusisha kwenye ncha ya jino.

"Ukisikia chochote nyoosha mkono."

Chiku alitulia. Hakunyoosha. Mfaume alikuwa amesimama.

Akagusisha mara ya pili, akahesabu mpaka kumi. Mtoto alimtazama kwa huruma, kama anayetamani kudanganya ili asimuudhi mtu, mkono wake ukabaki pajani.

Mara ya tatu Zamoyoni hakuhesabu. Aliweka tu barafu pale akangoja, kama alivyozoea kungoja dakika tano za Ijumaa, bila kutaraji kitu. Pua ya Chiku ikajikunja. Mkono ukapaa hewani kwa nguvu mpaka ukapiga taa.

"Baridi!" alipiga kelele. "Mama mkubwa, baridi, toa!"

Alitoa. Chiku akauvuta mdomo wa juu kwa vidole viwili, akaushusha juu ya jino, akaushikilia hapo.

"Unafanya nini?" aliuliza baba yake.

"Nimemfunika," alisema Chiku kupitia vidole. "Kasikia baridi."

Zamoyoni akageuka kutafuta kazi mezani. Alimweleza Mfaume mambo ya kawaida: asitafune muwa, asitafune kashata, maji moto asinywe kwa wiki mbili. Mfaume aliitikia kila moja. Alichukua glasi yake tupu na kitambaa chake. Mlangoni akasimama, mtoto kamtangulia nje. Hakusema amesamehe, na Zamoyoni hakutegemea aseme.

"Ulikuwa unamlisha saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi. Kila Ijumaa."

Mfaume aliwaza kidogo. "Basi Ijumaa saa kumi tutakuwa hapa, Mama Siku," alisema. "Na Ijumaa nyingine vilevile. Umtazame."

Miaka kumi na miwili hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo. Alisikia hatua zao zikishuka ngazi, Chiku akiuliza kitu kuhusu mswaki, mlango wa nje ukafungwa. Aliingia chumba cha pili akazima kabati. Lile vumo aliloacha kulisikia zamani likakatika, na chumba kikawa kimya kweli.

Ndipo alipogundua kwamba kile kijiti cha barafu bado amekifumbata. Kilikuwa kimeyeyuka chote, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, na kiganja kilikuwa kinamuuma. Alikifungua, akakitazama kilivyokuwa chekundu. Kilimuuma sana, kikazidi kuuma, na Zamoyoni akakaa chini kwenye kigoda cha wasindikizaji, akalia.